Mwaka Niliomwonjea Baba Mkwe

Kwenye msiba wa wifi yangu Perisi, kule Nzuguni, nilishika upawa nikaanza kupakua wali kama tunavyotakiwa sisi wake wa ukoo. Bibi mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu bado yu hai na bado ana mdomo, alipofika mbele yangu aliuangalia upawa, akaniangalia mimi, kisha akarudi nyuma na sahani yake tupu akijifanya anatafuta maji ya kunawa. Akangoja mpaka nilipopokewa na mwingine, ndipo akaja kupakuliwa. Nadhani hakuna aliyeona ila mimi. Nimekuwa mke katika ukoo ule tangu nikiwa msichana, nimezaa humo, nimezika humo, na bado kuna mtu anayeona heri akae na njaa kuliko kula kilichopita mkononi mwangu. Iliniuma, wala sitajifanya haikuniuma. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu, Nyemo, kwamba nataka kuuandika mwaka ule. Alikuwa anavua viatu. Akasema, “Andika, ila usitie chumvi,” akaenda kuoga.

Jina langu Hadija, Mrangi wa Kondoa. Nyemo ni Mgogo, wakati ule mwalimu kijana wa shule ya msingi, mtoto wa kanisani. Tulifunga ndoa bomani, mbele ya ofisa aliyekuwa na haraka zake, kwa hiyo kanisani kwao niliitwa mwizi wa vijana na msikitini kwetu nikaitwa aliyepotea. Tukaishi nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Kikuyu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sebule moja ndefu. Sebule hiyo ninaiona mpaka leo: makochi ya mbao yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati la vyombo ambavyo havikuwahi kutumika, picha ya treni iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, na dirisha la upande wa uchochoroni ambalo kuanzia Julai lilifungwa kutwa kwa sababu ya vumbi. Kushoto kulikuwa na chumba cha baba mkwe, Mzee Yeremia, aliyestaafu kazi ya reli katika stesheni ya Zuzu. Kulia kilikuwa chumba cha Perisi, dada yake Nyemo, aliyeachika akarudi nyumbani na binti yake mchanga, Loi. Sisi tulipewa chumba cha uani, karibu na jiko. Nikiwa naosha vyombo nilisikia kila lililosemwa sebuleni, na sina shaka wao nao walisikia kila nililonung’unika jikoni.

Mwanzoni Mzee Yeremia alinipenda. Alisema mlenda wangu haukuwa na haya, unajaa mdomoni, na alinisimulia habari za Zuzu, jinsi alivyoweza kujua treni imechelewa kwa kuwaangalia mbuzi waliokuwa wanalala kwenye reli. Kisha asubuhi moja ya kiangazi alinikuta nafagia sebule.

“Mkwe, waambie hao watoto wapande kwenye kochi, utawajaza vumbi.”

“Watoto gani, Baba?”

“Hao.” Akanyoosha kidole kwenye zulia. “Wamekaa tu. Wala hawasalimii.”

Hakuwa na hofu hata kidogo. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba kuna kuku wameingia ndani. Perisi alitoka chumbani kwake na mswaki mdomoni, akaliangalia zulia, akaniangalia mimi kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. “Kabla wewe hujaja,” akasema, “hapa hapakuwa na watoto.” Akaenda bombani kusukutua. Nilisimama na ufagio wangu nikijua kwamba nimeshahukumiwa, ingawa sikujua kwa kosa gani.

Kilichotuchanganya sote ni kwamba hakuwa hivyo kila siku. Kuna siku alikuwa Mzee Yeremia kamili, anasoma Biblia yake, anamsahihisha Nyemo habari za serikali, anawaitikia wapita njia “Mbukwenyi” ya Kigogo kwa sauti ya kiongozi. Kesho yake anakaa ameshika kijiko mpaka uji unaganda juu. Usingizini alikuwa anapigana. Alikuwa amepigana hivyo miaka mingi, anatupa ngumi na kupiga mateke huku macho yamefumbwa, na marehemu mkewe alikuwa ameishia kulala chini kwenye mkeka. Ukoo ulikuwa na maelezo yake: mzee ana maadui, wanamjia akilala, naye anawashinda. Sasa watu walianza kusema kwamba labda ameanza kushindwa, na kwamba adui safari hii hakuhitaji kutoka mbali.

Halafu akaacha kunijua, au niseme, alinijua na kunikataa. “Huyu anafanana na mke wa Nyemo,” alimwambia mwanawe mbele yangu, kwa upole, kama anayemwonya kijana asiuziwe mbuzi mgonjwa. “Sura ni yake, kanga ni zake. Mwenyewe mmempeleka wapi?” Nyemo alicheka. Mimi sikucheka. Siku hiyo hiyo, nilipomwekea chakula, Mzee alisukuma sahani kuelekea kwangu akasema, “Onja kwanza.” Kwa Wagogo, na kwa wengine wengi, anayemletea mgeni kata ya pombe hunywa yeye funda la kwanza, mgeni aone kwamba hakuna kitu. Ni heshima, haina ubaya wowote. Mzee Yeremia aliitoa desturi hiyo kwenye pombe, ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha zamani, akaileta kwenye sahani yangu. Nikaonja ugali wa uwele, nikaonja mlenda, nikaonja chai, nikaonja maji. Siku nyingine alitaka niguse hata maji ya kunawa. Nilikuwa naona aibu ambayo vijana wa leo hawataielewa, kwa sababu kwao na kwetu mkwe unamheshimu kwa kukaa mbali. Sikupaswa hata kukaa kochi moja na yule mzee, na sasa nilikuwa namega tonge kwenye sahani yake huku akinitazama koo, ahakikishe nimemeza.

Nilidhani kuonja kutanisafisha. Jioni moja, nikiwa napepeta uwele uani, nikamsikia Perisi na jirani yetu wakizungumza sebuleni, sauti za chini chini. Jirani alikuwa upande wangu kidogo. “Lakini si anaonja mwenyewe kila kitu?” Perisi akamjibu, “Ndiyo hapo sasa. Aliyetia ndiye anayejua ametia upande gani.” Jirani akaguna. Nilishika ungo wangu nikatafuta jibu la hoja ile na sikulipata. Hata leo sina. Mtu akishaamua kukushuku, kila unachofanya kujitetea anakiweka upande wake wa mizani.

Baada ya hapo Nyemo akaanza kurudi nyumbani ameshiba. “Nimekula kwa mama ntilie pale shuleni,” anasema, anapita. Siku ya kwanza niliona kawaida. Alipoendelea, nilikaa jikoni na sufuria langu la maharage nikalia mpaka moto ukazimika, maana adui wa mbali hanisumbui, lakini huyu nilikuwa nalala naye. Nami sikuwa malaika. Nilimshuku Perisi tangu asubuhi ile ya mswaki. Nilijiambia kwamba anaitaka nyumba, kwamba mimi nikifukuzwa Nyemo atanifuata, na mwanamke aliyeachika hana pengine pa kukaa na mtoto. Yeye naye, nilikuja kujua, alikuwa anasema nyumba ndiyo niliyoifuata mimi kutoka Kondoa. Nikaanza kuficha unga na chumvi chini ya kitanda. Nikawa nanusa mafuta kabla sijayatia kikaangoni. Ndani ya nyumba moja tukawa watu watatu wazima tunaochunguzana vyombo, na mgonjwa mmoja ambaye ndiye pekee aliyeshuku waziwazi bila kujificha.

Vidonge alivileta Perisi. Alikuwa amekwenda kwenye duka moja la dawa alikokuwa na mtu anayemfahamu, akamweleza kwamba mzee anaona vitu na hatulii, akapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye bahasha ya kaki. Akavileta sebuleni na kikombe cha maji, amevaa vizuri, amepaka mafuta, kama mtu aliyeleta habari njema. “Baba, hii itakutuliza. Utalala.” Mzee akakichukua kidonge, akakigeuza kiganjani, akamrudishia. “Onja kwanza.” Perisi alinyoosha mkono. Niliuona mkono ule ukienda, vidole vikafunguka, kisha ukarudi mapajani kwake.

“Mimi mwanao, Baba,” akasema. “Mtoto hamwonjei baba yake. Anayeonja ni wa kuja.” Akanigeukia. “Wifi, msaidie.”

Nikauma kipande, nikameza na maji, nikafungua mdomo mzee aone. Kilichobaki akameza yeye. Ikawa ndiyo kazi yangu asubuhi na jioni, na kwa kweli siku mbili za mwanzo alitulia. Halafu akatulia kupita kiasi. Uso ulikauka, haucheki wala haununi. Mate yakawa yanamtoka. Miguu, ambayo ilikuwa ikiburura kidogo tu, ikakataa kabisa kunyanyuka, na kumgeuza kitandani ikawa kama kugeuza gogo. Uji ulikwama kooni. Perisi alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hilo naliapia. Akisha kulia akasema labda vidonge havitoshi, tumwongezee. Tukaongeza, na vipande vyangu navyo vikaongezeka.

Hapo ukoo ulichoka. Baba mdogo wake Nyemo, Mzee Elia, aliitwa kutoka Zuzu, na kikao kikapangwa Jumapili baada ya ibada. Sikuambiwa rasmi, nilisikia kupitia ukutani kama nilivyosikia mengine yote. Ningerudishwa Kondoa, na ningerudishwa pamoja na sababu. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Mwanamke anayeachwa kwa ugomvi hupata mahali pa kuanzia. Anayerudishwa kwa sumu hakuna atakayekula kwake tena, na si kwake tu: sufuria za mama yake zingetazamwa, wadogo zake wa kike wangekosa posa, na sherehe za mtaa mzima zingepikwa bila wao. Nilimwuliza Nyemo anaamini nini. Alikaa kitandani akitazama mikono yake. “Sijui, Hadija,” akasema. “Baba anakufa na sijui.” Nilimchukia kwa jibu hilo kwa muda mrefu, ingawa siku hizi naona lilikuwa jibu pekee la kweli lililotoka ndani ya nyumba ile.

Kabla Jumapili haijafika, shingo yangu ilipinda. Alhamisi mchana nilikuwa nasugua sufuria nikahisi ulimi umekuwa mzito, haunitoshi mdomoni. Taya likakaza. Kisha kitu kikaanza kuvuta kichwa changu kuelekea bega la kushoto, taratibu, kwa nguvu ambazo sikuwa nazo za kushindana nazo, na macho yakapanda juu yakakataa kushuka. Nilianguka pale pale penye maji machafu. Akili yangu ilikuwa timamu kabisa, nilisikia kila kitu. Nilisikia kandambili za Perisi, nikamsikia akisimama, nikamsikia akiwaita watu. “Njooni mwone. Imemrudia. Imemrudia mwenyewe.” Majirani walijaa uani. Hakuna aliyenigusa. Wanawake wawili waliokuwa wakinikopa chumvi kila wiki walisimama mbali kama ninaambukiza. Aliyenigusa ni Nyemo, alipotoka shuleni. Alininyanyua na matope yangu, akaita teksi, na ndani ya teksi alikuwa ameshika kichwa changu kwa mikono miwili kana kwamba anaweza kukirudisha mahali pake.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke, mpole wa sauti, macho makali. Alinitazama kidogo tu, akamwambia muuguzi alete sindano. Akanichoma, akakaa pembeni yangu na chai yake, na kabla chai haijapoa shingo ikaanza kulegea. Nikamshuku hata yeye, kwa sababu aliniponya upesi mno.

“Unatumia dawa gani?” akaniuliza.

“Situmii.”

“Hakuna hata kidonge?”

Nilifikiri kwamba lolote nitakalosema litafika Jumapili kabla yangu. Nyemo ndiye aliyesema, “Anaonja za Baba.”

Daktari akaweka kikombe chini. “Anaonja?”

“Kila anachomeza Baba, mke wangu humeza kwanza kidogo. Mzee anaogopa sumu.”

“Nileteeni hivyo vidonge,” akasema daktari, “na mleteni mzee kesho asubuhi. Leo jioni asimeze hata kimoja.”

Kesho yake alimkunja Mzee Yeremia mikono na miguu, akamwuliza maswali, kisha akatuuliza sisi. Anaona watu wadogo au wanyama? Siku nyingine yuko sawa kabisa? Anapigana usingizini? Tangu lini? Nilianza kuogopa, maana alikuwa akitaja mambo ya nyumbani kwetu ambayo hatujamwambia, na mahali nilikotoka mtu wa namna hiyo anaitwa jina lingine, haitwi daktari. Alipomaliza akavuta kiti.

“Kuna protini inaitwa alfa-sinuklini,” akasema. “Mimi ninayo, wewe unayo, ina kazi yake ubongoni. Kwa baadhi ya watu, wakizeeka, inajikunja vibaya. Ikishajikunja inashikana na mwenzake, na mwenzake. Umewahi kupika uji wa uwele ukashika mabonge?”

“Nimewahi,” nikasema.

“Basi. Unga ni ule ule, hakuna aliyetia kitu kibaya. Lakini yale mabonge yanakaa ndani ya chembe za ubongo na chembe zinaharibika. Yakikaa kwenye kazi ya kuona, mtu anaona watoto wasiokuwepo. Yakikaa kwenye kazi ya kutembea, miguu inaburura.”

“Na kunikataa mimi?”

“Na hilo pia. Anakuona vizuri. Kinachopotea ni ile hisia ya kwamba huyu ni wangu. Ukimwona mtu mwenye sura ya mkweo na moyo ukakwambia si yeye, nawe ungeogopa chakula chake.”

Nyemo akauliza swali ambalo ukoo mzima ungeuliza. “Nani aliyeyaweka hayo mabonge?”

“Hakuna.”

“Yanatoka wapi, basi?”

“Kwa nini huyu yampate na yule yamwache, hatujui,” akasema daktari. Kisha akagusa ile bahasha ya kaki. “Ninachokijua ni hiki. Dawa hii inawasaidia wagonjwa wengine wa akili. Mtu mwenye mabonge ya namna hii ubongo wake hauimudu, inamkaza kama mlivyomwona, na inaweza kumwua. Na kwa kijana mwenye afya inaweza kumvuta shingo. Mngeendelea wiki nyingine tungekuwa tunazungumza mengine.”

Kwa hiyo Mzee Yeremia alikuwa sahihi. Alikuwa akilishwa kitu cha kumwua, na mimi ndiye niliyekuwa nakipeleka mdomoni mwake. Nimelifikiria hilo miaka yote hii. Nilimwuliza daktari kama ana hakika na ile protini. Akasema ya vidonge ana hakika, ya protini anaona dalili zote, lakini hakika yenyewe hupatikana mtu akishakufa na ubongo ukatazamwa kwa darubini. Sikuridhika. Kitu kisichoonekana, kinachokaa ndani ya kichwa cha mtu kikimharibu, hakina aliyekituma, na ushahidi wake hauletwi mpaka mgonjwa azikwe: nilikuwa nimeyasikia maelezo kama hayo tangu utotoni, tofauti ni kwamba huyu alivaa koti jeupe na hakudai kuku mweusi. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ananiambia siku hizi kuna mahali wanaitafuta protini hiyo mtu akiwa hai, kwenye maji ya uti wa mgongo. Labda. Sisi wakati ule tulikuwa na neno la daktari na shingo yangu.

Jumapili sebule ilijaa. Dirisha lilikuwa limefungwa na joto la miili lilikuwa linapanda. Mzee Elia alikaa kochi la katikati na kofia gotini, wazee wengine wawili pembeni yake, Perisi karibu na kabati, Loi amelala mgongoni. Mimi niliwekwa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mtu anayetegemewa kuondoka. Mzee Yeremia alikuwa chumbani kwake. Tangu avikose vile vidonge alikuwa amemeza uji bila kupaliwa, na hilo tu lilikuwa limewafanya watu waingie wakiwa hawana hakika kama walivyokuwa Alhamisi. Nyemo akasimama, akaeleza. Alieleza vibaya, masikini, kwa sababu alitaka kuwafundisha kama darasa.

“Protini si ile ya kwenye maharage?” akauliza Mzee Elia.

“Ni ya namna nyingine, Baba Mdogo.”

“Inaingiaje kichwani?”

“Haiingii. Ipo tu. Kila mtu anayo.”

Mzee Elia akajigusa utosini, akautoa mkono haraka. Ya protini yakaishia hapo, hawakuyataka. Lakini vidonge waliviona, bahasha ilikuwa mezani, na habari kwamba walioumia ni wawili, na wawili hao ndio waliomeza, ilikuwa rahisi kwa kila mtu. Nilihisi sebule nzima ikiniachia. Kisha nikahisi inatafuta pa kwenda, kwa sababu watu walikuwa wamekuja na shuka lao la kumfunika mtu na hawakuwa tayari kurudi nalo.

“Vidonge hivi vililetwa na nani?” akauliza Mzee Elia, ingawa alijua.

Vichwa vikageuka. Perisi alikuwa ameshika ukingo wa kabati.

“Na ndiye aliyesema aongezewe,” akasema mzee mmoja.

“Tena nasikia yeye aliambiwa aonje akakataa,” akasema mwingine. Sijui nani alimwambia. Sikuwa mimi.

“Kwa nini hukuonja, Perisi?”

Mwanamke yule ambaye hakukosa neno siku zote hizo aliendelea kuung’ang’ania ukingo wa kabati. Loi akaanza kulia mgongoni, naye hakumbembeleza. Mzee mmoja akataja nyumba. Nikaona maisha yake yote yakikusanywa: kuachika kwake, mtoto asiye na baba karibu, chumba chake cha upande wa kulia, vyote vikiwekwa pale pale yalipokuwa yamewekwa ya kwangu.

Mzee Elia akanigeukia. “Mkwe. Wewe ndiye uliyekuwa naye humu kutwa. Uliyaona macho yake. Huyu alijua?”

Kila mtu alinitazama, na Nyemo pia. Nilikuwa nimeungoja wakati ule tangu asubuhi ya mswaki bila kujua ninaungoja. Nilihitaji tu kusema “sijui,” ambayo ndiyo ilikuwa kweli, na kazi nyingine wangeifanya wao. Niliukumbuka mkono. Ungeweza kurudi kwa kiburi, mtoto wa nyumba hataki kufanywa wa kuja. Ungeweza kurudi kwa sababu mtu wa dukani alimwambia jambo ambalo hakutuambia. Nilimtazama nikitafuta, na nilichokiona ni mwanamke aliyeogopa, na uoga hausemi kama mtu ana kosa. Mimi nilikuwa nimeogopa vile vile.

“Hakujua,” nikasema.

“Una hakika?”

“Nina hakika, Baba. Hakujua.”

Mzee Elia akavaa kofia yake. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja, wakiwa na sura za watu waliokosa chakula. Perisi alipita mbele yangu kwenda uani, na macho aliyonitupia hayakuwa ya shukrani. Yalikuwa ya mtu anayejiuliza nimemwuzia nini.

Mzee Yeremia alirudi kutembea, akiburura kama zamani, na kuishi aliishi bado. Watoto wake wa kwenye zulia hawakuondoka. Mimi hakunikubali mpaka mwisho. Kwa wengi nilikuwa nimesafika, ila si kwa yule niliyemlisha, na hata hivyo nilimpenda, kwa sababu yeye alinituhumu usoni. Alipofariki, daktari aliuliza kwa upole kama tungeruhusu ubongo utazamwe. Nyemo alikataa kabla sijameza mate. “Watasema tumemwuza,” aliniambia tukiwa njiani. Hivyo ile protini nayo haijawahi kuthibitishwa. Nimeishi na watuhumiwa wawili, mmoja wa kwenye darubini na mmoja, Perisi, wa kwenye meza za sikukuu, na sijapata hakika ya yeyote. Perisi na mimi tulitembeleana, tukapeana mbegu na vitenge, tukachanga harusi za watoto. Hatukuzungumzia vidonge hata mara moja.

Juzi hapo, msibani, nilipokabidhi upawa na kwenda kukaa nyuma ya jiko, Loi alinifuata. Ni mtu mzima sasa, ana nywele nyeupe mbili tatu za mapema. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Shikamoo, Anti.”

“Marahaba. Pole, mwanangu.”

“Nimekwishapoa.” Akachezea ncha ya kanga yake. “Anti, Mama alikuwa anakuogopa.”

“Mimi?”

“Wewe. Alikuwa akisema, wifi yangu anajua kitu na amekikalia, anangoja siku yake. Ule uji uliokuwa unamletea alipougua, alikuwa anasubiri uondoke ndipo anatwambia tuumwage.”

Nilikuwa nimeutwanga uwele ule kwa mikono yangu, nikaukoroga polepole usishike mabonge, nikaubeba kwa basi kutoka Kikuyu hadi Nzuguni ukiwa umefungwa taulo usipoe. Miaka yote niliyokuwa namtazama Perisi nikijiuliza kama alijua, yeye alikuwa ananitazama akijiuliza nitasema lini. Nilitaka kucheka na nilitaka kumfukua nimgombeze.

Loi alikuwa hajaondoka. Nikaona kwamba hakuja kunipa habari, alikuja kuuliza.

“Lakini alijua, Anti? Habari za Babu. Alijua?”

“Hakujua,” nikasema.

Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, kisha akasema, “Asante, Anti,” akanyanyuka akarudi kwa wageni, na kwa jinsi alivyosema nilijua hakuniamini. Simlaumu. Nami sijui.